Mstari wa Nne Mlangoni

Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu katika ukumbi wa ofisi ya ardhi, na juu ya kiti hicho palikuwa na mfuko wa bawaba.

Msaidizi alisimama mbele yake, bahasha kaikumbatia kifuani, viatu vipya vikimng'ata vidole. Alivaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri, na mtandio mweupe ambao asubuhi ile ulikwisha kugeuka kitambaa cha jasho. Watu walijaa hadi ngazini. Wengine walikuwa wanajipepea kwa ramani za viwanja vyao. Kipaza sauti kilikoroma namba, na kila kilipokoroma watu kumi walisimama, tisa wakakaa.

"Samahani, kaka," alisema. "Huu mfuko nao una namba?"

Mwanamume aliyekaa kiti cha pili hakuinua macho kutoka kwenye simu. Shati lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limejikunja kama karatasi iliyotupwa, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Hauna namba. Ila umewahi kufika kuliko wewe."

"Basi utakapoitwa, uniamshe nishuhudie."

Askari wa mlangoni, mzee aliyekuwa anasikia yote na kujifanya hasikii, alisogea, akauinua ule mfuko, akauweka chini polepole bila kulia bawaba hata moja, kisha akarudi mlangoni kwake. Msaidizi alikaa, akamshukuru kwa macho.

Yule mwanamume alihema kwa hasira, lakini hasira yake haikuwa ya kiti. Alikuwa anasoma kitu kwenye simu, na sasa alianza kukisoma kwa sauti, kama anayemsomea mtu mashtaka.

"'Nyumba tulivu, vyumba vitatu, mwanga wa kutosha, jiko la kisasa.' Jiko la kisasa! Jiko ambalo dirisha lake linafungwa kwa kamba! Aliyeandika haya hajawahi kukanyaga hata kizingiti. Mwongo mkubwa. Sijui amelelewa na nani."

"Amelelewa na shangazi yake," Msaidizi alisema. "Na shangazi huyo hapendi kutukanwa."

Mwanamume aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mimi ndiye msaidizi wa dalali wenu."

"Hujawahi kufika kwetu."

"Kazi yangu si ya kufika. Naletewa picha, naandika. Watu wanapiga simu, napokea. Nawapangia siku ya kuja kuona. Leo nimetoka kwa sababu tarishi anaumwa."

"Kwa hiyo unauza nyumba ya mama yangu kwa picha."

"Siuzi mimi, mnauza nyinyi. Karatasi ya makubaliano ninayo. Sahihi ya dada yako imenyooka. Ya kwako imetoboa karatasi."

Mwanamume huyo alikuwa seremala, na siku ya kutia sahihi kalamu aliishika kama patasi. Mama yao alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Nyumba ilikuwa ya watoto wawili. Dada alikaa mbali na alitaka kila mtu achukue chake. Wazee wa ukoo walikubali. Kaka alibaki peke yake na neno lake la "hapana", na neno la mtu mmoja halifiki mbali.

Kipaza sauti kilikoroma. Alisimama, akaokota mfuko wake.

"Njoo uione, Bi. Mtandao. Ukilikuta jiko la kisasa, niite mwongo mbele ya mtaa mzima."

"Siendi kwa watu wasio na adabu, Bwana Randa."

"Unaogopa."

"Naogopa dirisha la kamba lisinidondokee."

Alienda zake. Msaidizi aligundua baadaye kwamba kipaza sauti kilikuwa kimeita namba yake yeye, na imepita.

*

Kazi ya Msaidizi ilikuwa ngeni kwa majirani. Walimwona anakaa ndani tangu asubuhi, vidude vya sauti masikioni, akiongea na watu wasioonekana, wakamwonea huruma. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, aliwajibu hivi: "Huyu ni karani. Ila ofisi yake haina mlango."

Mwanzoni alikuwa msaidizi wa mtandaoni wa kila aliyemtaka: wa daktari wa meno, wa muuza viatu, wa mwalimu wa kuogelea aliyekuwa anasahau hata siku zake za kuogelea. Alichoka kubadili kofia. Basi akachagua jambo moja, nyumba na viwanja, akakaa kulisoma kama mtu anayesomea uganga. Akajua hati, ramani, mipaka, miadi ya kuonyesha nyumba, orodha ya makabidhiano. Ndipo dalali mmoja akamchukua. Watu walimwita dalali huyo Ufunguo kwa sababu alitembea na kishada cha funguo kiunoni, na ukimsikia analia kama mbuzi mwenye kengele ujue anakuja.

Msaidizi alikuwa na desturi moja aliyojivunia. Kila nyumba ilikuwa na jalada lake ndani ya kompyuta, na chochote kilichosemwa juu ya nyumba ile kiliingia jaladani siku hiyo hiyo, kabla hajanywa chai. Bomba likivuja, anaandika. Jirani akiwa na mbwa mkali, anaandika. Ufunguo alimsifia kwa hilo tu. Kwa mengine yote alimfokea.

Asubuhi iliyofuata simu ililia.

"Dawati la nyumba na viwanja, karibu."

"Jiko la kisasa limeamka salama. Linakuuliza utakuja lini."

"Kaka, hii ni namba ya wateja."

"Mimi ni mteja. Nataka kuonyeshwa nyumba yangu."

"Kata simu."

"Kata wewe, ndiyo kazi yako."

Hakuna aliyekata. Walibishana robo saa nzima, na shangazi alipopita na ndoo alimkuta mwana wake amesimama, mkono kiunoni, anatabasamu huku anatukana.

"Nani huyo?"

"Mteja mkorofi, shangazi."

"Mkorofi huyo ana bahati," shangazi alisema, akaenda na ndoo yake.

Siku ya Jumamosi alikwenda. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi. Alivaa sketi ya buluu na blauzi yenye vifungo vidogo vya lulu, akavua hereni mlangoni kwao, akazirudisha, akazivua tena.

Seremala alimpokea bila salamu ndefu. "Kizingiti hicho. Kikanyage vizuri, ndicho ulichokikosa."

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na ya giza kidogo. Jikoni dirisha lilifungwa kwa kamba kweli. Msaidizi alilitazama, akatoa simu yake, na papo hapo akafuta maneno mawili kwenye tangazo.

"Nimeondoa 'kisasa'," alisema.

"Na 'mwanga wa kutosha'?"

"Usizidishe, Bwana Randa."

Seremala alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka, na sauti ile ilimtoka kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Akamletea stuli, akaifuta kwa mkono, kisha akaona mkono nao una vumbi, akaifuta tena kwa shati. Msaidizi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

*

Wiki tatu waligombana kila siku, kwa saa yake, kama watu wanaokunywa dawa.

"Umekula?"

"Unaniuliza kama nani?"

"Kama mteja."

"Mteja haulizi nimekula nini."

"Sijauliza nini. Nimeuliza kama."

Siku nyingine Msaidizi ndiye aliyepiga. "Bwana Randa, kesho kuna watu wawili wanakuja kuona. Usiwanunie."

"Nitawanunia."

"Yule wa jana alisema ulimwambia nyumba ina nyoka."

"Ina nyoka. Mimi."

"Basi nyoka wangu, kesho jifiche shimoni."

"Umesema wako," Seremala alisema.

"Nimesema nyoka," alijibu, akakata haraka, mashavu yanamuwaka.

Jumamosi ya tatu mvua ilimzuia Msaidizi nyumbani kwa Seremala. Walikuwa wamesimama koridoni, na mkono wa Msaidizi uliegemea mwimo, nguzo ya pembeni ya mlango wa jikoni. Vidole vyake vikakuta mikwaruzo. Aliinama: mistari miwili, imechongwa ndani ya mbao, usawa wa nyonga, laini kama imepakwa mafuta.

"Hii nini?"

Seremala alikwenda kwenye mlango wa chumba cha mbele, akagusa mwimo wake. "Hapa ni mmoja. Chumba cha mama. Jikoni miwili. Msalani mitatu." Akapitisha kidole juu ya ule mstari. "Macho yake yalikwisha miaka miwili kabla hajafa. Akawa anajigonga. Mimi nilitaka kumshika mkono, akanifukuza. Alisema mtu akishikwa mkono ndani ya nyumba yake mwenyewe, amekuwa mgeni. Basi siku moja amelala mchana, nikachukua patasi. Alipoamka akapapasa ukuta, akafika kwenye mlango, akasimama. Hakuniuliza kitu. Akaenda jikoni mwenyewe, akachemsha chai yake mwenyewe, akaja kunipa na mimi kikombe."

Mvua ilipiga bati.

"Hakuna niliyewahi kumwambia hili," alisema. "Dada yangu alipokuja msibani aliiona hii mistari, akasema ni panya. Nikaacha iwe panya."

Msaidizi alimfuata, akaweka kidole kwenye ule mstari mmoja wa chumba cha mama, na Seremala akaweka kidole chake karibu na chake, na kwa muda ule hakukuwa na ugomvi baina yao.

"Mpenzi wangu," Seremala alisema kwa taabu, kama mtu anayejaribu kiatu cha wengine, "ukifika kwenu nipigie."

Msaidizi alifika kwao. Na sasa lisikilizwe kosa lake, maana lilikuwa dogo mno. Aliketi, akafungua kompyuta kwa mazoea ya mikono, na ndani ya jalada la nyumba ile akaandika: *Miimo ya milango: mistari iliyochongwa na mwana kwa ajili ya mama asiyeona. Mmoja chumbani, miwili jikoni, mitatu msalani.* Kisha akampigia simu kusema amefika salama. Kisha akanywa chai.

*

Jumatano asubuhi simu ililia. Haikuwa na utani.

"Kuna mwanamke jikoni kwangu amefumba macho."

"Nini?"

"Amefumba macho, anapapasa mlango wa mama yangu, mwenzake anampiga picha. Wanacheka. Kuna wengine wanne nje wanangoja zamu. Nani amewaambia?"

Msaidizi alifungua tangazo. Maneno yake hayakuwepo. Yalikuwapo ya Ufunguo, kwa herufi kubwa: *NYUMBA YA MACHOZI! Mwana alimchongea mama yake kipofu njia ya kupita. Njoo uguse mwenyewe!* Chini yake palikuwa na picha ya mwimo, imepigwa kwa karibu sana, bila aibu.

"Sikuandika hivi," alisema.

"Alijuaje?"

"Iko... niliandika kwenye jalada."

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla au baada ya kunipigia kusema umefika salama?"

Mwingine angedanganya, na uongo wenyewe ungekuwa mdogo, wa kufunika tu. Yeye hakuzoea.

"Kabla," alisema.

Alimsikia anavuta pumzi.

"Kumbe nilikuwa nazungumza na kompyuta," Seremala alisema. "Usinipigie. Usije. Nikikuona kwenye kizingiti changu nitakufungia mlango, na milango yangu inafunga vizuri, nimeitengeneza mimi."

Msaidizi alimpigia Ufunguo mara moja. Funguo zilisikika kabla ya sauti.

"Ondoa lile tangazo, bosi."

"Liondolewe kwa nini? Simu kumi na saba tangu jana! Mtu hanunui kuta, mama. Ananunua machozi."

"Yale yalikuwa siri ya mtu."

"Siri? Nimeyakuta jaladani. Jalada la nani?"

Msaidizi aliitazama ile sentensi yake kwenye kompyuta.

"Nakuuliza, jalada la nani? La ofisi. Aliyeyaweka ofisini nani? Mimi? Mimi hata huyo kipofu simjui. Wewe ndiye uliyeniletea, tena umepanga vizuri, mmoja, miwili, mitatu. Usinililie."

Neno la adui likiwa kweli linauma mara mbili. Msaidizi alikata simu, akaingia kwa namba za siri alizokuwa nazo, akaliondoa tangazo kila mahali lilipowekwa. Saa moja baadaye Ufunguo alimfukuza kazi kwa matusi ambayo hayafai kurudiwa, kisha akapiga tena kusema mnunuzi amekwisha kupatikana na asithubutu kuondoka kabla hajamaliza karatasi za makabidhiano, kwa sababu hakuna mwingine anayejua ziko wapi.

"Nimefukuzwa au sijafukuzwa?" aliuliza.

"Umefukuzwa kuanzia Ijumaa!"

Shangazi alimkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Akavuta kiti, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo, ili mikono iwe na kazi na mwana asione anatazamwa.

"Ulimfanya nini yule mkorofi?"

"Sikumfanya kitu, shangazi. Niliandika tu."

"Mtu akikupa maji kwa viganja vyake, unayanywa. Huyamimini kwenye chupa ya duka."

Msaidizi alilia basi. Shangazi hakumbembeleza. Alisogeza tu ungo ukawa katikati yao, na baada ya muda mikono minne ilikuwa inatafuta mawe.

*

Mnunuzi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na haraka nyingi. Hakujali machozi wala nini. Alitaka kiwanja na kuta.

"Milango yote nitaing'oa," alisema kwenye simu, Alhamisi asubuhi. "Naweka ya alumini. Ile ya mbao sijui nitaitupa wapi."

Msaidizi alishika meza. "Na miimo yake?"

"Na miimo. Mpaka misumari."

"Mama, ukikubali, nitaandika kwenye orodha ya makabidhiano kwamba milango na miimo ya mbao si sehemu ya mauzo. Muuzaji ataing'oa mwenyewe kabla ya kukukabidhi funguo. Hutahangaika kutupa."

"Utakuwa umenisaidia! Andika, binti, andika."

Ilibaki sahihi ya dada. Alipompigia, alipokewa na moto.

"Wewe ndiye uliyemwanika mama yangu mtandaoni?"

"Ni mimi niliyeandika jaladani, dada. Aliyeanika ni mwingine, lakini alipata kwangu."

"Una ujasiri wa kunipigia."

"Sina. Napiga bila ujasiri."

Akamweleza habari ya miimo. Dada alisikiliza. Kwa mbali kulikuwa na watoto wanaocheza, kisha mlango ukafungwa na watoto hawakusikika tena.

"Ile mistari," dada alisema polepole, "mimi niliiita panya. Msibani. Mbele yake. Na yeye akanyamaza." Akapenga kamasi. "Kama usingeanikwa huo upuuzi wenu, ningekufa nasema panya. Lete hiyo karatasi nisaini. Na usidhani nimekupenda."

"Sidhani, dada."

"Mwambie ndugu yangu..." alianza, akaacha. "Basi. Nitamwambia mwenyewe."

Ijumaa Msaidizi alimaliza kazi. Jambo la mwisho alilofanya ni kufungua jalada la nyumba ile na kufuta ile sentensi. Haikumfaa mtu tena. Alifuta hivyo hivyo.

Kisha akakaa chini kama mtafuta nyumba, si kama karani. Siku nne alipiga simu kwa kila mwenye nyumba aliyemjua, na safari hii hakuandika chochote kabla ya kufika. Alikwenda kwa miguu, akafungua mabomba, akagonga kuta, akanusa vyoo, akauliza majirani kama msumeno wa mchana utawaudhi. Jioni ya siku ya nne alimtumia Seremala ujumbe, tangazo la mtu mmoja:

*Nyumba ya kupanga. Vyumba viwili. Bati linavuja pembe ya kushoto. Jiko si la kisasa. Mwanga unaingia asubuhi tu. Jirani wa kulia anaongea sana, lakini ana moyo mzuri, alinipa maji ya kunywa bila kumwomba. Nyuma kuna kibanda kirefu cha kutosha meza ya randa. Milango imekwisha kuoza, mwenye nyumba anakubali uweke ya kwako. Nimeikanyaga mwenyewe. Nisamehe. Si lazima unijibu.*

Hakujibu.

*

Miezi miwili ilipita. Msaidizi alipata wateja wawili wapya, mama mmoja wa viwanja na kijana wa nyumba za kupanga. Kwa kila mmoja aliweka sharti kabla ya kuanza: kuna mambo ya nyumba na kuna mambo ya watu, na ya watu yeye haandiki. Kijana alishangaa. Mama wa viwanja alisema, "Nilikuwa namtafuta mtu kama wewe."

Chai sasa aliinywa kwanza. Simu ikilia, aliikimbilia. Halafu anakuta ni mtu wa mipaka.

Kisha siku moja, kama saa nne asubuhi:

"Dawati la nyumba na viwanja, karibu."

"Nina malalamiko."

Aliketi. Hata hakujua alikuwa amesimama.

"Sema, kaka."

"Kuna mtu alinitumia tangazo. La uongo."

"Lina uongo gani? Kila kasoro niliitaja!"

"Usinipigie kelele. Limeandikwa vyumba viwili. Njoo uhesabu."

"Viwili! Niliingia mwenyewe!"

"Njoo uhesabu, Bi. Mtandao. Au bado kazi yako si ya kufika?"

Alikwenda na gauni lile lile la zambarau, kwa hasira kabisa, hereni masikioni. Jirani muongeaji alimsindikiza hadi mlangoni akimweleza yote tangu siku ya kuhamia: kwamba dada mtu alikuja kukaa siku tatu, kwamba walikaa na ndugu yake chini wakishika milango na kulia, kwamba seremala yule hana chumvi hata siku moja. Kisha akaona inatosha, akarudi kwake mwenyewe bila kuambiwa.

Seremala alisimama mlangoni. Alikonda kidogo. Shati lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma.

"Sijakusamehe yote," alisema.

"Umebakiza nini?"

"Kidogo. Cha kugombania."

"Hicho kitatosha. Hesabu zako ziko wapi?"

Alisogea pembeni. Miimo ya mama ilikuwa pale, imepigwa msasa penye ufa tu, mistari haikuguswa. Msaidizi alipita akiigusa: mmoja, chumba cha kulala. Miwili, jikoni. Mitatu, msalani. Chumba cha pili, kile kikubwa cha nyuma, kilikuwa kimegawanywa kwa ukuta mpya wa mbao, na penye ukuta ule palikuwa na mlango ambao hakuujua, mweupe bado, unanuka mbao mbichi.

Vidole vyake vilishuka vyenyewe hadi usawa wa nyonga.

Minne.

Alisukuma mlango. Ndani palikuwa na meza chini ya dirisha, na dirisha lile lilikuwa kubwa kupita kiasi, limekatwa hivi karibuni, mwanga ukiingia kwa wingi kama maji. Juu ya meza palikuwa na soketi mbili za umeme. Palikuwa na rafu ya majalada, tupu. Na kiti, na juu ya kiti, mfuko wa bawaba.

"Mwanga wa kutosha," Seremala alisema nyuma yake. "Nimechoka kusikia ukiuandika bila kuuona."

Msaidizi hakugeuka haraka. Uso wake haukuwa tayari kutazamwa.

"Mimi naandika kila kitu," alisema. "Unajua."

"Najua. Ndiyo sababu ya mlango. Ukitaka kuandika, ingia humu. Ukitoka humu, mimi si jalada."

"Na mlango huo unafunga vizuri?"

"Nimeutengeneza mimi."

Msaidizi alicheka, na machozi yakapata nafasi yao katika kicheko. Seremala alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani, katikati, kama aliyekumbuka kitu.

"Mama alisema mtu hashikwi mkono ndani ya nyumba yake."

"Basi nishike," alisema Msaidizi. "Mimi bado mgeni."

Alimshika. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu.

"Mgeni mpaka lini, mpenzi?" Safari hii neno halikumbana.

"Mpaka uje kwa shangazi yangu na wazee wako, useme kwa mdomo wako ulichochonga hapa."

"Shangazi yule asiyependa kutukanwa?"

"Huyo huyo," alisema Msaidizi, akiuinua ule mfuko kutoka kwenye kiti chake polepole, bila kulia bawaba hata moja, na kuuweka chini. "Na siku hiyo usije na huu. Kwetu kiti ni cha watu."